Nilivyobeba Mimba Sanjari na Binti Yangu

Mwalimu Danson alipoandika neno SANJARI ubaoni, mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Mungu, na Mungu mwenyewe sikuwa nimemwambia.

Tulikuwa katika darasa la ngumbaru, pale kanisani Mraru, mwaka ule serikali ilipotugawia mahindi ya manjano. Watu wazima tumekalia mabenchi ya watoto wa shule ya Jumapili, magoti yamefika kidevuni. Danson nilimjua tangu anakimbia bila suruali. Sasa ananiita "mwanafunzi Tryphena" nami namwitikia "naam, mwalimu", kwa sababu nilikuwa nimeapa nitasoma jina langu mwenyewe kabla sijafa, na mimi nikiapa nimeapa.

"Sanjari," akasema, akagonga ubao kwa kijiti. "Hili neno mnalisikia kwa redio kila siku. Ni mambo mawili yanayokwenda wakati mmoja, ubavu kwa ubavu, na hakuna linalongoja lingine."

Lois, jirani yangu wa ng'ambo ya korongo, akauliza, "Si hiyo ni pamoja tu, mwalimu? Hawa watu wa redio mbona wanatuongezea mzigo?"

"Hapana. Sisi hapa tumekaa pamoja. Tumekaa tu. Lakini somo letu na ule uji unaochemka huko nje, hayo mawili yanaendelea sanjari. Sijasimamisha somo ili uji uive, na uji haungoji nimalize."

"Na uji wenyewe ni wa hayo mahindi ya manjano," mzee Mbuvi akasema. "Hata ukingoja mwaka, utakula ukilia."

Mbuvi alikuwa Mkamba aliyewahi kuwa askari, na ndiye aliyetoa mfano wa kwanza. Akasema malori ya jeshi yakitoka Voi kwenda Taveta yanakwenda sanjari. Danson akakubali, akasema hayo yanafuatana lakini yote yako mwendoni wakati mmoja. Mwingine akasema mvua na jua. Ndipo Lois akasimama wima kama shahidi wa korti.

"Mimi ninao mfano. Ng'ombe wangu ana mimba, na mtamba aliyemzaa naye ana mimba. Wamebeba sanjari. Nimepata?"

"Umepata, Lois. Sanjari kabisa."

"Lakini hao ni ng'ombe, mwalimu. Ng'ombe hana haya."

Darasa zima likaanguka kwa kicheko, benchi letu likatikisika. Mimi nilicheka kuliko wote, na huku masikio yananiwaka moto. Kwa maana wiki iliyotangulia Hudson, mume wa binti yangu Peris, alikuwa amekuja kutoka Mahoo, upande wa Taveta, na mkungu wa ndizi begani, akakaa nje ya nyumba yangu, uso ameuelekeza upande kama mkwe mwenye adabu.

"Mama, nimetumwa," alisema. "Mwenzangu huko nyumbani si mzima."

"Anaumwa wapi?" nilimuuliza, ingawa nilishaelewa.

"Haumwi, Mama. Anakula udongo."

"Wa wapi?"

"Wa kichuguu cha jirani."

"Mwambie asimalize kichuguu cha watu, atashtakiwa."

Akacheka, akaniachia ndizi, akaenda zake kupanda basi. Nami kwenye pindo la leso yangu nilikuwa na kipande cha udongo kama huo huo, nimekifunga kama mtu afungavyo pesa.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu, nieleze. Kwetu mama akishaoza binti, na binti akaanza kuzaa, mama anaacha. Sheria hiyo haikuandikwa mahali, wala kanisani haisomwi, lakini kila mwanamke anaijua. Na mtoto wa kwanza wa binti anazaliwa nyumbani kwa mama yake. Binti akiwa mzito, mama anakwenda kwa wakwe kumchukua, anamleta, anampa kitanda chake mwenyewe. Akijifungua, mama ndiye anayemkanda kwa maji ya moto na kumkorogea uji wa wimbi. Hiyo ni kazi ya mwanamke aliyemaliza. Sasa mama naye akiwa na tumbo, nani atamkanda nani? Watu wanasema mama huyo anashindana na mtoto wake. Wanasema hajui kuzeeka.

Na mimi si mtu wa kusemwa. Nilizaliwa huko juu Mbale kwenye baridi, mwaka wa nzige. Nilibebwa na vijana wanne mabegani nikitoka mtoni, kama wasichana wa zamani walivyoolewa, napiga kelele za uongo kwa sababu huyo Silvanus nilimtaka. Tukateremka Mraru kutafuta shamba. Silvanus akapata kazi ya gengi la reli, analala Voi kwenye nyumba za reli, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Nyumba nilijenga mimi. Shamba nililima mimi. Watoto nilizaa watano, mmoja nikamzika. Chumvi ya jirani sijawahi kuomba. Wakati wa njaa nilikuwa nawaambia watoto wachochee moto jikoni hata kama hakuna sufuria juu, ili watu waone moshi wajue kwa Tryphena kunapikwa.

Nilipokosa siku zangu nilidhani ni umri, nikashukuru. Kumbe.

Silvanus alipokuja mwisho wa mwezi nilimngoja anywe chai kwanza.

"Baba Peris, Peris ana mimba."

"Hiyo nimeisikia. Hudson alipitia kazini. Ni jambo jema."

"Na mimi."

"Na wewe nini?"

"Unataka nikuchoree?"

Akaweka kikombe chini. Akaanza kucheka, halafu akaniona uso, akaacha. Akajipangusa mdomo.

"Mulei mwenzangu wa gengi akisikia," akasema, "gengi zima litaimba. Tutapiga nyundo kwa wimbo wangu mpaka stesheni ya Mackinnon."

"Wewe utachekwa kwa kupigwa bega. Mwanamume akizalisha na mvi kichwani anasifiwa. Anayesemwa ni mimi."

"Kwani tumefanya kosa? Wewe ni mke wangu."

"Hakuna kosa. Ni aibu. Si kitu kimoja."

Silvanus alikuwa mtu mpole, na neno likimshinda hutazama miguu yake. Mwishowe akauliza, "Tufanye nini?"

"Usimwambie mtu. Watu wa Mahoo hasa."

Akaniachia koti lake la reli, lile la buluu nzito, pana kama hema. Nikalivaa. Mraru pale, jua linakausha mpaka mate, na mimi nimefunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Tryphena," Lois ananiita kutoka ng'ambo ya korongo, "hilo koti la nini na jua hili?"

"Nina homa."

"Homa ya miezi miwili?"

"Homa yangu haina haraka. Wewe shika jembe lako."

Kanisani niliacha kwenda. Ngumbaru niliacha. Danson alikuja mpaka uani, akasimama mbali kwa adabu, akasema, "Mwanafunzi Tryphena, umebakiza kidogo tu uanze kusoma kitabu kizima." Nikamjibu, "Mwalimu, jina langu nimelijua, inatosha." Akaondoka anatikisa kichwa. Kitabu kizima sijakisoma mpaka leo, na hapo ndipo mkono wangu wa kuandika ulipoishia, kwa hiyo ninapoandika haya msomaji anivumilie.

Lakini lile neno halikuniacha. Nikipalilia linakuja. Nilikuwa najua Peris akitapika asubuhi huko Mahoo, mimi natapika Mraru. Tumbo lake likipanda, langu linapanda. Mtoto wake akianza kucheza, wangu anacheza. Hatukuwa pamoja hata kidogo. Kati yetu ilikuwa tambarare yote ile ya Maktau, vumbi jekundu na ndovu. Lakini sanjari tulikuwa. Nikaona Danson alisema kweli, yale maneno mawili si neno moja. Watu wanaweza kukaa pamoja meza moja na kila mtu na lake. Na watu wanaweza kwenda sanjari kila siku, kila saa, na wasionane uso.

Salamu zikaanza kuja na watu wa basi. Peris anauliza, Mama utakuja lini kuniona? Nikatuma jibu kwamba mguu unaniuma. Zikaja tena. Peris anauliza, Mama, siku za kunichukua zinakaribia, utakuja? Nikajibu mguu bado. Mtu wa basi akaniangalia miguu yangu yote miwili nilivyosimama imara kando ya barabara na koti langu.

Mungu si mtu wa mchezo. Miguu ikaja kuvimba kweli. Ikawa kama mihogo, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Silvanus alipoiona akaogopa. "Utakwenda kliniki Voi," akasema. "Usipokwenda namwita Lois akupeleke." Kwa Silvanus hayo yalikuwa maneno makali sana. Nikaenda.

Kliniki ilikuwa baraza refu lenye mabenchi, na benchi zote zimejaa wasichana. Wasichana watupu, ngozi zinang'aa. Mmoja akanipisha kiti upesi.

"Shikamoo, Mama. Umemleta nani?"

"Nimejileta."

Akaniangalia, akaangalia koti, akageuza macho akaanza kuchezea kucha zake. Sista wa pale alikuwa anaitwa Mwendwa, Mkamba mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Zamu yangu ilipofika akasema mbele ya watu wote, "Mama, toa koti. Hapa hatupimi makoti."

Nikafungua kifungo cha kwanza. Nikafungua cha pili. Nikalitoa koti, nikasimama na gauni lililobana na tumbo langu la miezi saba.

"Mama?"

Nilijua sauti hiyo kabla sijageuka. Peris alikuwa amesimama karibu na mizani, amekonda uso, tumbo liko mbele kama langu. Pembeni yake mama yake Hudson, mkwe mwenzangu, amebeba kikapu. Walikuwa wametumwa Voi kutoka Taveta kwa sababu damu ya Peris ilikuwa kidogo. Mtoto wangu akaniangalia usoni, akateremsha macho mpaka tumboni, akayarudisha usoni. Hakuja kunisalimia mkono.

"Mnajuana?" Sista Mwendwa akauliza.

"Huyu ni mama yake," mkwe mwenzangu akajibu.

"Mama wa kanisa ama wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

"Ehe!" Sista akapiga makofi. "Mama na binti, mwezi mmoja! Mlipanga ama mlishindana?"

Benchi zote zikacheka. Hawakuwa wabaya, walikuwa wasichana tu, wamechoka kungoja. Lakini mimi nilitamani sakafu ile ya saruji ifunguke. Mkwe mwenzangu peke yake hakucheka. Akanisogelea, akaninong'oneza kwa upole kabisa:

"Mkwe, pole na mguu."

Afadhali angenipiga kofi.

Nikamvuta Peris pembeni, karibu na mfereji wa maji. Akaanza yeye.

"Ungeniambia, Mama."

"Mambo ya watu wazima watoto hawaambiwi."

"Mimi si mtoto. Kila siku namwambia mama mkwe, mama yangu ni mgonjwa, angekuwa mzima angekuja. Tumekuombea kanisani, unajua? Jina lako limetajwa. Kanisa zima la Mahoo lilisimama likaombea mguu wako."

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia maji yanavyodondoka.

"Hawa wasichana wamecheka," akasema. "Mimi sikuona aibu kwa tumbo lako. Nimeona aibu kwa hilo koti."

"Peris, chunga mdomo."

"Basi sitakuja Mraru. Nitazalia huko huko Mahoo."

"Kwetu nafasi iko," mkwe mwenzangu akasema kutoka nyuma, bado kwa upole ule ule. Nikasikia Sista akimwita Peris, akimwambia damu yake bado ni kidogo, ale maini, ale mchicha, na asibebe mizigo. Mimi nikavaa koti langu. Nikafunga vifungo vyote. Nikatoka nimeinua kichwa, na nilipofika stendi ndipo nikakumbuka sikupimwa.

Tangu siku hiyo nilikaa kwangu kama mfungwa. Kilichoniuma si kuchekwa. Binti kwenda kuzaa mtoto wa kwanza kwa wakwe wakati mama yake yu hai, kwetu hiyo ni kama kumzika mama. Nami ningeweza kupanda basi, nikaingia Mahoo na tumbo langu mchana, nikasema, mwanangu, twende nyumbani. Mara nyingine nilioga nikavaa kabisa. Halafu nikafikiria lile kanisa lililosimama kuombea mguu, nikavua.

Uchungu ulinipata shambani asubuhi. Nikarudi nyumbani najishikilia miti, nikafunga mlango kwa ndani. Watoto walikuwa shule. Nikamzaa mvulana peke yangu, nimepiga magoti juu ya gunia, nimeuma pindo la leso nisipige kelele. Mimi sikupiga. Mtoto alipiga.

Haukupita muda, mlango ukagongwa. Lois.

"Tryphena, fungua."

"Niache. Nina homa."

"Naisikia homa yako inavyolia. Fungua kabla sijavunja."

Nikafungua. Nilifikiri atacheka mpaka wa ng'ambo wasikie. Aliniangalia, akamwangalia mtoto pale kwenye gunia, akavua kitambaa chake cha kichwa. "Wembe mpya uko wapi?" akauliza tu. Akakata kitovu, akazika kondo, akasafisha sakafu, akachemsha maji. Alipomaliza ndipo akaniambia, "Mwanamke mkaidi kama wewe sijaona tangu nizaliwe."

"Ulijua?"

"Siku ile ya ng'ombe sikujua. Nilijua ulipokosa kuja ngumbaru. Mtu anayeapa kama wewe haachi shule kwa homa. Na hilo koti, ulikuwa unatembea kama mlinzi wa benki."

Kisha akatoka. Sikujua kama alikwenda barabarani kusimamisha basi la Taveta, akatuma habari Mahoo. Alipokuja kuniambia jioni, nilimtukana. Akasema, "Nitukane, lakini kunywa uji."

Kesho yake, jua liko juu, nikasikia hodi.

"Nimelala," nikajibu.

"Endelea kulala. Mimi napika."

Alikuwa Peris. Ameshuka basi na kikapu cha ndizi na unga wa wimbi, anahema, tumbo limeshuka, miguu imejaa vumbi. Nikageukia ukutani. Nilimsikia akivunja kuni, akipuliza moto, akikoroga. Akaniletea uji. Nikaunywa bila kumwangalia. Halafu akaleta maji ya moto na kitambaa.

"Hapana," nikasema. "Hiyo si kazi yako."

"Ni kazi ya nani?"

"Ya Lois."

"Lois yuko shambani. Lala chali, Mama."

Nimeona aibu nyingi katika maisha yangu, lakini ile haina mwenzake. Kulala uchi mbele ya mtoto uliyemzaa, akukande tumbo alilotoka yeye. Kila akiinama tumbo lake linagusa ubavu wangu, na yule wa ndani ananipiga teke, mjukuu ananipiga teke kabla sijamwona. Nilifunika uso kwa mkono. Maji ya moto yakawa yanatiririka mpaka mgongoni, na machozi yangu nayo, sikujua yapi ni yapi. Peris alikanda kama mimi ninavyokanda, kwa kisigino cha mkono, kutoka juu kwenda chini. Sikumbuki nilimfundisha lini.

Mwishowe nikauliza, "Mama mkwe wako amekuruhusu?"

"Sikumuuliza."

"Peris! Umetoroka kwa watu?"

"Nimejifunza kwa nani ukaidi?"

Akanifunika. Akamchukua ndugu yake, akamweka juu ya tumbo lake kubwa kama juu ya rafu, akamwangalia. "Ana masikio ya Baba," akasema. Hayo tu. Nami sikumwomba msamaha, mdomo wangu haukujua njia, lakini nilisogea ukutani kitandani nikampa nafasi alale.

Hakurudi Mahoo. Hudson alikuja akakaa nje, uso upande, akaambiwa na mke wake arudi alivyokuja. Ikafika mchana mmoja wa mvua, Peris anamwagia kuku chakula, akashika nguzo ya mlango. Akaniita. Mimi nilikuwa bado mzazi, mtu wa kukaa ndani, siku zangu hazijaisha. Niliondoka kitandani nikamweka mwanangu ndani ya karai lenye nguo, nikamshika binti yangu kiuno. Lois akaja anakimbia na gunia kichwani. Peris alipiga kelele zote ambazo mimi sikupiga, na mimi nikamwambia apige, apige zaidi, wasikie mpaka Mwatate. Kabla mvua haijakatika akazaa msichana.

Lakini ile damu kidogo ikamwangusha. Alilala mweupe midomo, hawezi kuinua kikombe. Maziwa hayakutoka. Tulimpa supu, tukamkanda kifua, hakuna. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa ya paka. Lois akaleta maziwa ya ng'ombe na kijiko, kikatoka puani.

Na mimi pale nimekaa, kifua kimejaa kinadondoka, gauni limelowa mbele.

Lois aliona ninachofikiri. "Tryphena," akasema polepole, "bibi kumnyonyesha mjukuu? Watu watasema."

"Wameshasema."

Lakini nilikuwa nangoja Peris. Bila neno lake nisingethubutu. Alikuwa ametugeukia, amefumba macho. "Mpe, Mama," akasema. "Mpe tu."

Nikampa. Akashika kama mwenye njaa ya mwaka mzima. Na wangu akasikia, akaanza kulia, nikampakata upande wa pili. Hivyo ndivyo nilivyoishi siku hizo, mmoja huku, mmoja kule. Mjomba na mpwa, wanapigana mateke juu ya mapaja yangu. Silvanus alipokuja, alisimama mlangoni na sukari yake mkononi, akatazama miguu yake muda mrefu.

Asubuhi moja nikasikia nyimbo njiani. Nikajua papo hapo. Mkwe mwenzangu amekuja na wanawake wa kanisa la Mahoo kumwona mtoto wao, wamevaa vitambaa vyeupe, wamebeba unga na ndizi kichwani. Wale wale waliosimama kuombea mguu.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka katikati ya nyumba, kifua wazi, watoto wawili wananyonya. Leso ilikuwa karibu. Koti la reli lilikuwa linaning'inia kwenye msumari, hata kuinuka sikuhitaji, ni kunyoosha mkono tu. Ningeweza kumtoa mjukuu, nikamlaza kwa mama yake, nikajifunika, wakakuta mama mwenye heshima na binti mzazi kitandani. Nyimbo zinakaribia. Nikamtazama yule mdogo. Bado alikuwa anavuta, ameshika kidole changu kwa mkono wake wote. Mkono wangu haukwenda kokote.

Mlango ukafunikwa na watu. Mkwe mwenzangu mbele, wengine nyuma yake wamepandisha shingo. Wimbo ukakatika katikati. Aibu ilinipanda kutoka miguuni, ikanijaa kifua, na bado nilikaa vile vile.

Peris akajiinua kwa kiwiko kitandani. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini watu wote waliisikia. "Karibuni. Huyo ni mama yangu, anawanyonyesha."

Mkwe mwenzangu akanitazama mimi, akatazama watoto, mmoja, halafu mwingine. Wote wekundu, wote wana vipara.

"Yupi wetu?" akauliza.

"Ngoja washibe," nikasema.

Akasimama kidogo. Kisha akateremsha kikapu kichwani, akakaa chini sakafuni mbele yangu, akakunja miguu, akaanza kungoja. Wale wengine nao wakaingia mmoja mmoja, wakakaa. Mimi nikaangalia ukuta.